Mkanda wa Siti ya Kushoto

Mama,

Nimenunua gari. Najua barua huanza kwa salamu, lakini tangu lini wewe ukasubiri salamu ziishe? Nimenunua, na silo lile ulilolitaka. Usinune kwanza. Nisikilize.

Tangu ile asubuhi sikushika usukani tena. Mwaka na zaidi nimekwenda dukani Mwimbi kwa bodaboda, na ukungu wetu unaujua: natoka Mazwi mkavu, nafika nimelowa hadi soksi. Wakulima wanakuja kununua mbegu wanamkuta muuzaji anatetemeka kuliko kuku mwenye kideri. Mwishowe Baba akanitumia ujumbe kutoka Pito kwamba barabara haina kinyongo na mtu, ninunue gari kama watu wengine. Nikaenda kwa Nassoro, yule kijana wa ile familia yenye duka la vipuri. Siku hizi anauza na magari ya mkononi, anayapanga kwenye uwanja nyuma ya duka.

Alikuwa na mawili ya kunifaa. La kwanza jeusi, milango miwili, siti za ngozi rangi ya maziwa, boneti ndefu, limelala chini kama paka anayevizia. La pili la rangi ya fedha, milango minne, nalo la kitajiri kwa enzi zake, lina mbao za kung'aa kwenye dashibodi, lakini sura yake ni ya mhasibu mstaafu. Bei zilikaribiana, kwa hiyo mfuko haukunisaidia kuamua. Nassoro mwenyewe, mfanyabiashara kabisa, alinishauri nichukue la fedha. Alisema jeusi litakwaruza tumbo kila tuta, matairi yake membamba hayatafurahi nikiacha lami, na siti yake ya nyuma ni ya kuwekea mkoba tu. La fedha buti lake linameza mifuko ya mbegu na bado linauliza nyingine.

Lakini mimi nilikuwa nalitazama jeusi, na unajua kwa nini. Unakumbuka siku ile tumetoka sokoni, likapita gari la milango miwili, ukasimama katikati ya njia na kapu lako la maharage kichwani, mpaka mwenye baiskeli akakusonya? Ukaniambia: "Deo, ukipata, ununue la hivi. Tukae mimi na wewe tu. Wengine wapande basi." Halafu ukaongeza kwamba labda kwa gari hilo hata mke ningepata, maana kwa sura peke yake umeshakata tamaa.

Basi nikaliomba jeusi nilijaribu. Nassoro alikuwa na mteja, akanipa funguo niende peke yangu hadi njia ya Pito nirudi. Ilikuwa asubuhi, ukungu haujainuka, na mikono ilikuwa inanitoka jasho kwenye baridi. Sikufika mbali. Ile sauti ikaanza. Ting. Ting. Ting. Taa nyekundu ya mkanda ilikuwa inawaka, na si ya kwangu. Ya abiria. Nikatazama kushoto: siti tupu, hata koti sikuwa nimeliweka pale. Nikaegesha pembeni nikagusa ngozi kwa kiganja. Ilikuwa na joto. Jua lilikuwa halijatoka, Mama. Lilikuwa joto la mahali ambapo mtu ameketi muda mrefu.

Nassoro alicheka niliporudi. "Kaka, hiyo ni sensa tu, kile kifaa cha kuhisi mtu kwenye siti, imechoka. Na magari haya siti zake zinapashwa moto, utakuwa umebonyeza kitufe." Akanionyesha kitufe. Kipo kweli. Kilikuwa kimezimwa.

La fedha nililijaribu siku hiyo hiyo. Kimya. Ungedhani unaendesha kabati. Mtu mwenye akili angelipa pale pale akaenda zake, lakini kesho yake nikarudi kuliomba jeusi tena. Ting, ting, mahali pale pale. Safari hii sikusimama. Nikasema kwa sauti, huku nikitazama mbele: "Mama, funga mkanda."

Ikanyamaza.

Nywele zilinisimama. Halafu nikacheka, halafu nikalia, yote kabla ya tuta la pili. Nikaendesha polepole nikikupa habari: kwamba maharage yamepanda bei, kwamba padre wenu wa kwaya amehamishwa, kwamba paa la jiko limevuja nikalitengeneza vibaya. Sikusikia jibu, ila siti ilikuwa inalia kidogo kwenye mashimo, kama siti yenye mtu. Nikasema basi, nimeshaamua. Nitakuwa na wewe kila asubuhi hadi Mwimbi na kila jioni kurudi. Wengine wapande basi.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Ulikuwepo, lakini acha niseme, maana sijamwambia aliye hai.

Asubuhi ile ulipanda gari langu la zamani kwenda kumwona mdogo wako Mwimbi. Mkanda hukuutaka kama kawaida yako. "Mimi si mbuzi wa mnada mnifunge." Gari likaanza kulalamika, ting ting, na mimi nilikuwa sijanywa hata chai, kichwa kinaniuma. Ningeweza kusimama na kusema hatuondoki. Nimewaambia wateja wangu mara ngapi kwamba dawa isiyotumiwa kwa maelekezo ni sumu? Badala yake nikafanya tunavyofanya wote hapa: nikauvuta mkanda, nikaupitisha nyuma ya mgongo wako, nikauchomeka. Gari likanyamaza. Ukanipigapiga begani ukasema nina akili kama baba yangu. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho ninayoyakumbuka, na nayachukia.

Lile lori lilikuwa limeharibika kwenye kona, ndani ya ukungu, halina hata tawi la mti nyuma. Mimi mkanda ulinishika. Trafiki alinivuta pembeni akaniambia taratibu, kama anayenihurumia, kwamba abiria wangu angekuwa amefungwa angetoka na majeraha tu. Nikaitikia. Nyumbani nikasema ukungu. Msibani nikasema ukungu na lori.

Lakini mji wetu unaujua, hauridhiki na ukungu. Wakati jirani yako Mama Felista mbuzi wake walipoingia shambani kwako, mkatukanana mpaka mwisho wa njia, si alikwambia hayo maharage hutayala? Hukuyala. Ulikufa yakiwa bado mabichi. Wakaunganisha. Mama Felista, uliyekuwa unasukwa naye nywele kila Jumamosi, ambaye kosa la mbuzi wake ulikuwa umeshamsamehe ila hukutaka ajue mapema. Sasa akifika kisimani wanawake wanakumbuka wameacha sufuria motoni. Kwenye jumuiya anakalia benchi peke yake. Watoto wakipita kwake wanakimbia. Na mimi mtu mmoja ninayejua kilichokuua nimekaa kimya mwaka mzima, nasalimia watu, nauza mbegu. Nilimwona sokoni mwezi uliopita. Amekonda. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia bila kuniangalia, na mimi nikashukuru kwamba hakuniangalia.

Siku ya kulipia jeusi Baba akataka kuja kuliona. Alikuja na fimbo yake. Ule mguu wa kushoto sasa haukunji kabisa. Nassoro kwa heshima akamfungulia mlango wa mbele, wa kushoto. Baba akaitazama siti. Akaitazama kwa muda, Mama, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta nafasi yake imekaliwa. Akasema, "Nitakaa nyuma." Nassoro akailaza siti, Baba akainama, akaingiza kichwa na bega, mguu ukagoma. Akabaki pale nusu ndani nusu nje, mzee mzima, na hakuna aliyecheka. Tulimtoa. Akajipangusa suruali, akaegemea fimbo.

"Gari zuri," akasema. "Ila ni la watu wawili. Na wawili mmeshatimia."

Nassoro alidhani anatania kuhusu mchumba. Sikuwa nimemwambia Baba habari za ile sauti, wala za siti kuwa na joto, wala mtu yeyote zaidi ya Nassoro, na Nassoro alishasahau. Nikamwambia Nassoro alete kadi ya lile la fedha. Sitakudanganya kwamba nilifanya hivyo kwa busara. Niliogopa.

Siku tano nililiendesha la fedha kwenda Mwimbi na kurudi. Kimya. Nilikuaga kila asubuhi nikipita njia ya Pito. Nikajiambia nimekuacha kwenye gari jeusi uwanjani kwa Nassoro, na kwamba mtu mwingine atakuja kulinunua, na nilisikia wivu.

Jumapili baada ya misa Baba akaomba tupite pale kwenye kona. Hajawahi kufika tangu siku ile. Akapanda nyuma, upande wa kushoto, mguu ameulaza juu ya siti, amekaa kwa raha zake. Anga lilikuwa safi tangu Mazwi. Tulipokaribia kona ukungu ukashuka, mahali pale tu, kwa upana wa shamba moja. Nikapunguza mwendo.

Ting. Ting. Ting.

Sikutazama kushoto. Nilishindwa. Nilisikia Baba anajivuta nyuma yangu, anaguna kwa maumivu ya mguu. Mkono wake ukapita pembeni ya siti ya mbele, akaushika mkanda, akauvuta taratibu, akauzungusha juu ya siti tupu kama unavyomfunika mtoto aliyelala, akajipinda mpaka akauchomeka. Tak. Gari likanyamaza.

"Siku ile pia ulikuwa umefungwa," akasema Baba. "Nilipokwenda polisi kuchukua kanga ya mama yako garini niliuona. Umefungwa bila mtu."

Alikuwa anajua. Mwaka mzima nikienda kwake tunakula ugali sahani moja, ananimegea nyama, na anajua. Tukapita kona yote kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ndipo akasema neno lake la pili:

"Mama Felista hakuufunga huo mkanda, Deo."

Nikaegesha. Nikamwambia kila kitu, kuanzia chai ambayo sikunywa. Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Aliomba ashuke, akasimama kwenye ukungu akiongea Kifipa chenu kile cha ndani, sauti ya chini, hakuwa anaongea na mimi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na alinuka manukato yako yale ya Jumapili, ya chupa ya bluu. Chupa hiyo tulikuzika nayo.

Jumatatu nilikwenda kwa Nassoro kulalamika kwamba la fedha nalo lina sensa mbovu. Akaapa kwa Mungu wake. Gari hilo ni la zamani, king'ora chake ni cha dereva tu. Akainama mwenyewe chini ya siti ya kushoto akanionyesha: hakuna waya. Jeusi halikuwepo uwanjani. Nikauliza limekwenda wapi, akasema amelipeleka ndani kwa sababu betri imekufa, na tangu Jumapili haliwaki hata taa.

Basi nimekuelewa, Mama. Nadhani nimekuelewa. Ulikuwa hunifuati ili tukae mimi na wewe tu.

Jumapili hii nitampitia Mama Felista nyumbani kwake, mchana kweupe, kila mtu anaona. Nitampigia magoti kwanza. Akikubali nitamfungulia mlango wa nyuma, akae na Baba, twende wote kanisani. Misa ikiisha nimeomba nafasi ya kusema mbele ya jumuiya, na nitasema nilichokifanya kwa mkono wangu, mkanda, mgongo wako, vyote. Huenda wakaacha kununua mbegu kwangu. Huenda mdogo wako wa Mwimbi asinisalimie tena. Naogopa, sikufichi. Lakini nimeogopa mwaka mzima na sikuona faida yake.

Nakuaga sasa, Mama. Lala, kama huko kunalalika. Ukitaka kupumzika pumzika, usinionee haya. Siku nyingi zikipita kimya nitajua umefika salama. Na siku ukitaka kutembea kidogo, siti ya kushoto haitakaliwa na mtu kabla sijaigusa kwanza kwa kiganja. Nikiikuta na joto nitakufunga mkanda mwenyewe, kwa mbele, kifuani, hata ukininunia njia nzima. Mbuzi wa mnada hufungwa asipotee, Mama. Hilo ndilo nililopaswa kukujibu siku ile.

Mwanao,
Deo