Uma wa Mbele

Magu, 12 Julai 1994

Mwanangu Ng'washi,

Salamu nyingi. U mzima huko Nyakato? Kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimepungua? Sisi tupo. Pamba tumevuna, ila ushirika haujafungua ghala, na wanunuzi binafsi wanapita na magari yao wakichagua nyeupe tu.

Jumapili nilimpakia mama yako tukitoka kanisani. Kwenye mteremko wa mtoni breki zikakataa, tukaanguka. Mama yako alichubuka goti. Baiskeli ndiyo iliyoumia: uma wa mbele umepinda, rimu haizunguki, spoku saba zimekatika. Fundi Chenge anasema uma huo akiugonga nyundo utakuja kukatika barabarani. Nitafutie mwingine mjini.

Ni mimi baba yako,
Yeremia

Nyakato, 21 Julai 1994

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, kikohozi kipo kipo tu. Kiwanda wanasema kitauzwa, kwa hiyo tunafanya kazi wiki moja na kukaa nyumbani wiki moja.

Uma nimepata, na spoku kumi. Siku hizi maduka ya mjini yamejaa vipuri, si kama zamani tulipopanga foleni kwa ajili ya tairi. Nimempa Alexander, kondakta wa basi la Magu.

Baba, kila barua mama hukuambia uandike salamu zake mwishoni. Safari hii sikuziona. Yuko salama?

Mwanao,
Ng'washi

Magu, 8 Agosti 1994

Mwanangu,

Nashukuru, mzigo umefika. Uma umekaa sawasawa. Spoku nazikaza mwenyewe kidogo kidogo, maana Chenge ana haraka. Rimu bado inayumba upande mmoja.

Mama yako anakusalimu. Kichwa kinamuuma, na mchana analala sana. Jana aliniita kwa jina la marehemu kaka yake. Baiskeli ikikamilika nitampeleka hospitali. Usiwe na wasiwasi.

Baba yako,
Yeremia

Nyakato, 15 Agosti 1994

Shikamoo baba.

Leo sina habari za kwangu. Usingoje baiskeli. Waombe majirani wambebe mama kwa kitanda hadi barabarani, msimamishe gari lolote, hata la pamba. Baba, alipoanguka aligonga kichwa? Niambie ukweli.

Ng'washi

Magu, 2 Septemba 1994

Ng'washi mwanangu,

Sijui nikuulize hali vipi. Barua yako ya tarehe 15 imefika leo. Mama yako ana siku kumi na tano kaburini.

Msibani hukusema nami, na uliondoka bila kuniaga. Sikulaumu. Uliuliza, nami nakujibu. Aligonga kichwa kwenye jiwe. Alikaa muda hajitambui, kisha akaamka akaomba maji, akacheka kwamba nimemvunjia heshima mbele ya waumini. Nikaona amepona. Juu ya mteremko alikuwa ameniambia, "Baba Ng'washi, nishushe nitembee." Nikamwambia nimeendesha baiskeli tangu kabla hajaniona.

Alipoanza kulala mchana niliogopa. Nilishika baiskeli kwa sababu chuma kikipinda najua pa kukamata. Yeye sikujua nimkamate wapi. Rimu ilinyooka siku ile ile aliyofariki, asubuhi. Nilikuwa uani naizungusha. Teodora wa jirani ndiye aliyetoka ndani kuniambia.

Ukinyamaza nitaelewa.

Baba yako

Nyakato, 4 Desemba 1994

Baba, shikamoo.

Natumaini unakula. Mimi ni mzima.

Nilianza barua hii mara nne, nikaichana. Kiwanda kimefungwa Ijumaa, wametukabidhi barua za kuachishwa kazi na kutushukuru. Nimeuza kitanda na jiko.

Sijui kama nimekusamehe. Siku nyingine naamka nimesamehe, ikifika jioni nimekasirika tena. Lakini Teodora ameniandikia kwamba unakaa na njaa mpaka watu waje kukuwashia moto, na hilo mama asingelipenda, wala mimi silipendi.

Barua hii nampa Alexander wa basi aifikishe kesho, maana posta inachelewa. Nafika Jumanne. Usije kunipokea stendi, nitatembea. Nipe siku chache kabla hatujazungumza habari za mteremko. Nikikuta umepika, nitakula.

Mwanao,
Ng'washi