Sufuria za Nyama, Sufuria za Maziwa

Mtaa wa Aberdeen,
Winnipeg.
9 Machi 1987

Mpendwa Kaka Yehiel,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na joto la huko Melbourne? Sisi wazima, ila theluji imetuziba mlango, nami nina hasira za kujaza kurasa kumi. Nitajizuia.

Unajua nilivyomsumbua mwanangu Irving miaka miwili ampeleke Dvora shule ya Kiyahudi. Nilimwambia huyo binti yake atakua hajui yeye ni nani. Akakubali shingo upande. Basi, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ijumaa moja walikuja kula chakula cha sabato. Dvora, miaka minane, akauliza kama sufuria ya supu ya kuku ndiyo niliyochemshia maziwa asubuhi. Nikacheka, nikamwambia sufuria ni sufuria. Akaweka kijiko chini. Eti mwalimu kasema nyama na maziwa havipikwi chombo kimoja. Akala tofaa kwenye sahani ya karatasi, supu yangu ikipoa mbele yake. Nilikasirika, Kaka, na niliumia.

Irving naye akapata la kusema: "Mama, ulitaka Myahudi. Huyo hapo. Pasaka ikifika namrudisha shule ya mtaani."

Mtoto atolewe shule kwa ajili ya sufuria? Thubutu! Jumatatu nilinunua seti mbili za sufuria, na miaka yangu sabini na moja; za nyama nikazifunga utepe mwekundu. Ijumaa iliyofuata Dvora alikagua makabati yangu kama bwana afya, kisha akala mabakuli mawili. Irving hajataja tena habari ya kumhamisha.

Nilidhani yameisha. Kumbe mwalimu anataka kila mtoto aandike desturi ya kwao: wakishakula nyama, wazee wake walisubiri masaa mangapi kabla ya kugusa maziwa? Irving hajui, na ni lini nilimfundisha? Mtoto akashika kalamu, akanitazama mimi.

 Namkumbuka Mama akifunga kabati la maziwa nami nikilia njaa, lakini kama ni matatu au sita, sijui. Mwalimu yuko radhi aandike sita kama wenzake. Mimi sitaki. Nimeona aibu, Kaka, na hasira zote hizi ni zangu mwenyewe.

Msalimie sana wifi Genia na wanao. Mungu akulinde, akuongezee siku.

Waliokula kwenye meza ile ya Mama tumebaki wawili, na mimi nimesahau. Yalikuwa masaa mangapi? Nijibu upesi. Dvora ameacha nafasi kwenye daftari.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Perla