Khaki Niliyoichanganya Mimi

Grasiana uko wapi? Washa data, nina hasira!

Si unawajua wale askari wadogo wa mti, wa vita ya Mjerumani, Castory anawachonga, mimi nawapaka rangi hapa saluni? Wiki nzima nimehangaika na khaki ya sare zao. Ya kwanza ilitoka kama uji wa ulezi. Nikaongeza nyekundu kidogo kidogo mpaka ikakaa kama nguo iliyokula vumbi la Handeni.

Leo kaja mzee anayeandaa maonyesho huko Handeni. Kawageuza weee, kasema, "Khaki ndiyo hii. Nani kaichanganya?"

Castory kajibu, "Mimi."

Mimi! Na mimi nimesimama pale, khaki imenigandia vidoleni!

Halafu kacheka: "Huyu dada ni wa kupaka kucha tu, ananishikia brashi."

Wa kupaka kucha tu, Grasiana!

Nikawakaribisha chai nje. Nikabaki ndani na yule askari wa mbele, yule Castory kamchonga kwa sura yake mwenyewe, mpaka pengo la meno. Kasimama peku. Nikachukua brashi yangu nyembamba.

Kucha zote za miguu, nyekundu ya bibi harusi. Zinang'aa!

Zilipokauka nikawafunga wote kwenye pamba. Sasa hivi Castory yuko kwenye basi la Handeni, kapakata boksi kama kichanga. Kesho analifungua mbele ya watu.

Wakimuuliza nani kapaka, naomba Mungu ajibu tena, "Mimi."