Ubao wa Mwisho wa Meli ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini wewe, wifi na wanangu hamjambo, na kwamba kile kifua chako hakijakusumbua mwaka huu. Sisi huku tupo. Ukiniuliza habari za nyumbani nitasema nzuri, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kujibu, lakini ukweli ni kwamba nimechoka, kaka. Nimechoka hadi nakaa kwenye cherehani halafu nasahau nilikaa nishone nini.

Baba macho yamezima kabisa. Hata lile la kulia lililokuwa likiona kivuli nalo limefunga duka. Asubuhi namwogesha, namvalisha, namnywesha chai, namkalisha kwenye kiti chake dirishani, kisha naingia kwenye kushona sare za shule, maana shule zinakaribia kufunguliwa na kila mama anadai ya mwanawe iwe ya kwanza. Daktari alipokuja mara ya mwisho hakutaja siku wala mwezi. Aliniambia tu nisisafiri. Nilimwelewa.

Sasa juu ya yote hayo, Baba akataka meli. Unaikumbuka ile nusu-meli iliyokuwa ukutani sebuleni, mliyoijenga wewe na yeye ulipokuwa darasa la saba? Ule mfano wa meli ya abiria aliyoiunda na wenzake karakanani, umepasuliwa kwa urefu kama papai, upande wa bapa umeshikizwa kwenye ubao, tumbo linatutazama sisi tunaokula. Ulipoondoka aliitupa stoo, na mchwa wakajilia. Meli kubwa yenyewe imeshakatwa vipande, karakana imefungwa, hata lango lake limeng'olewa. Baba akasema haondoki duniani kabla ya kuishika tena, na kwamba nitaijenga mimi. Nikamwambia mimi ni fundi nguo. Akanijibu kwamba nguo na meli vyote ni kuvisha mwili, nisimletee uvivu.

Basi ni miezi minne. Nikimaliza sare mchana natandika mkeka, nakaa chini, yeye yuko juu kitini anaamuru. Nimechonga mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, nimekata mataruma kumi na moja, yaani mbavu zake, nikayapanga moja moja kwenye ubao. Halafu ndipo kazi ikaanza, maana kuivisha meli mbao ni adhabu. Kila kibao ni chembamba kama rula. Unakiloweka kwenye beseni la maji ya moto mpaka kilainike, unakipinda taratibu juu ya mbavu, unakipaka gundi, unakibana na vibanio vya kuanikia nguo, unasubiri. Mashati yetu sasa yanaanikwa bila vibanio, yakipeperuka nayafuata kwa jirani. Jirani mwenyewe, yule bibi wa juu unayemjua kwa maneno yake, alikuja kuchukua gauni, akaitazama kazi yangu, akauliza kama meli ni nusu, ikizama itazama nusu? Baba alicheka mpaka akapaliwa. Nilikuwa sijamsikia akicheka mwaka mzima, nikamsamehe yule bibi gauni la mteja mwingine alilolitia mafuta.

Usidhani upofu umempunguza. Anasikia randa ikienda kinyume na nyuzi za mbao, ananikatiza. Anasikia msasa ukisugua sehemu moja mno, ananikatiza. Kila ubao, wewe unajua, lazima upunguzwe upana kuelekea ncha zote mbili, kwa kuwa meli ni nene kiunoni na nyembamba miisho. Ukiupunguza kidogo mno unapanda juu ya mwenzake. Ukiupunguza kupita kiasi unabaki na pengo la pembetatu kule nyuma, tezini. Ubao ukikosewa, sheria ya Baba ni moja, nayo uliizoea wewe kuliko mimi. Unaung'oa, unakata mwingine. Hakuna kiraka kwenye meli yake.

Jina lako alikuwa halitaji. Kwa miezi yote hiyo alisema "yule", kwamba yule alikuwa akipunguza ubao kwa jicho tu bila kupima, yule hakuwa na papara kama mimi. Mimi nasugua msasa, nainamisha kichwa.

Wiki mbili zilizopita nilifika safu ya tatu kutoka juu. Siku hiyo nilikuwa nimeshona sare tisa, Baba alikuwa amechafua mashuka mara mbili, mgongo unauma kama nimepigwa. Kibao kilipokauka nikaona pengo tezini, jembamba, refu kama kidole changu cha mwisho. Nilijua la kufanya. Lakini kukiloweka kingine, kukipinda, kukisubiri, jamani, nikasema potelea mbali, haoni. Nikachukua kipande, nikakikata kipembetatu, nikakizungusha ncha, nikakipachika na gundi. Mkono ulifanya wenyewe. Wala sikufikiri, nilikuwa nafanya kile ninachofanya kila siku.

Kesho yake akaomba kuipapasa, kama kawaida yake. Nikamwekea mapajani. Vidole vilianzia mbele, vikashuka kiunoni, vikaenda nyuma, vikasimama. Vikarudi. Vikasimama palepale. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni nani aliyenifundisha kutia kikwapa, kile kipande cha pembetatu cha kwapani, kwenye shati. Nikasema Mama. Akaniuliza kwa nini ncha yake huwa naizungusha. Nikasema ili kitambaa kisichanike mtu akiinua mkono. Akakipapasa tena. Halafu akasema kiraka hicho alishakiona mara moja, enzi za macho yake, mahali hapohapo tezini, na ncha yake ilikuwa imezungushwa hivyohivyo.

Kaka, hili ndilo nililokaa kuliandika, na nimezunguka kurasa mbili nikiliogopa. Ile meli ya kwanza niliivunja mimi. Ulikuwa mwaka aliofariki Mama. Nilikuwa nahamisha cherehani kutoka chumbani kuja sebuleni penye mwanga, kona ya meza ikaigonga, ikaanguka, mbao mbili za nyuma zikapasuka. Baba alikuwa kazini, wewe ulikuwa umetoka. Nikakata kipande kwenye sanduku la matunda, nikakipachika, nikakipaka rangi ya viatu, nikaitundika tena. Siku ya tatu Baba akaona. Na wiki hiyohiyo ulikuwa umemwambia huendi karakanani, unakwenda kujifunza udereva. Akajua ni hasira zako. Ulikana mara moja tu, kisha ukanitazama. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Uliondoka na lile begi la bluu, na sikufungua mdomo. Sikufungua siku ile, wala mwezi ule, wala miaka hii kumi na moja ambayo umeniandikia barua na kuniita mdogo wako mwema.

Nilimweleza Baba yote nikiwa nimekaa mkekani miguuni pake. Nilitegemea fimbo, au angalau matusi. Aliomba maji. Alikunywa, akasema kilichomuumiza miaka yote si kuvunjwa kwa meli. Ni kwamba mwanawe aliyemfundisha kwa mkono wake alificha kosa kwa kiraka kibaya namna ile, akaona amepoteza muda wake wote. Akasema alipaswa kujua. Yule asingekata kipande vile hata angefungwa macho. Kisha hakusema na mimi hadi kesho yake jioni.

Aliposema, alinikataza mambo mawili. Nisikitoe kile kikwapa, kikae ili kila atakayeishika akikute. Na ubao wa mwisho, wa juu kabisa, nisiuguse. Alisema huo atautia anayejua kupunguza, na safari hii alilitaja jina lako. Baba unamjua, samahani haijawahi kupita kinywani mwake. Hii ndiyo samahani yake, ipokee ilivyo. Yangu naiomba kwa magoti, wala sikuulizi utanipa lini. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza kwa upole wako, nisifike mwisho.

Anashinda na meli mapajani, kidole kimelala kwenye lile pengo la juu. Kila mlango ukigongwa anauliza ni nani.

Msalimie wifi, wabusu watoto, waambie shangazi yao anawapenda na kwamba si mtu mwema sana. Ndani ya bahasha utakuta ukanda wa karatasi ya kukatia nguo. Nimeulaza juu ya pengo, nikafuata kingo kwa penseli. Ni kipimo cha ubao wako. Sikuupunguza popote.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Nguo