Kwa Baba Telesphory, Mfalme wa Miji Miwili

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Aliyesema hivyo hakukuona wewe, Baba. Kichwa chako kiling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, hakikuwa na unywele hata wa kusingiziwa, na bado sisi wenye nywele zetu tulikishindwa kila Jumapili.

Ni mwaka mmoja sasa tangu kichwa hicho kilipolala kisiamke, na nyumba yako hapa Columbus, Marekani, bado inacheka. Wageni hushangaa. Huja na nyuso za msiba, wakatukuta tunabishana kama kitendawili fulani kilikuwa cha haki au cha wizi. Hatujui namna nyingine ya kukulilia.

Ulikuwa dereva. Asubuhi uliwapeleka wazee kusafishwa damu, mchana ukawarudisha makwao wakiwa hoi. Ulijua nani anataka mkanda ulegezwe kidogo na nani hataki redio. Njiani uliwategea vitendawili kwa Kiingereza chako cha Bukoba, na aliyeshindwa ulimdai mji, kama desturi yetu inavyotaka. Bibi mmoja alikupa Cleveland nzima, akakuhimiza uichukue upesi kabla wanawe hawajajua. Siku ya kukuzika alikuja na kiti chake cha magurudumu, akamshika Mama mkono, akauliza Cleveland sasa iko chini ya nani.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yako. Tukitoka kanisani, simu iliunganisha nyumba tatu. Columbus tulikuwa sisi. Louisville alikuwako rafiki yako wa ujana, Mzee Khalfan, ambaye hakuwa na kanisa la kutoka lakini hakuchelewa hata mara moja. Buffalo alikuwako kaka yetu Erick pamoja na jirani yake, Mzee Balagizi, Mkongomani wa Bukavu afanyaye kazi kiwandani Tonawanda. Kwa kweli hao wawili wanakaa Lackawanna, lakini wewe ulisema mtu hatawazwi kuwa mfalme wa kitongoji.

Ulisema, "Kitendawili!" Sote tukaitika, "Tega!" Hata Mama aliitika, mwiko mkononi. Wajukuu walijibu kwa Kiingereza. Jibu ulilipokea, ila mji ukawanyima mpaka waseme kwa Kiswahili.

Aliyeshindwa alitoa mji, nawe ulikwenda kuutembelea papo hapo, kwa mdomo. Siku ulipompokonya Mzee Khalfan mji wake, ulisema, "Nimekwenda Louisville. Wamenichinjia ng'ombe, wamenitandikia zulia, wakaniuliza, Khalfan hajambo? Nikawaambia hajambo, ila hana pa kulala." Mzee Khalfan alikukatia simu, kisha akapiga tena ili asikie mwisho.

Lakini kabla ya mji kuhama, kitendawili kilihukumiwa kwanza, na hapo utani uliuweka kando. Sheria uliitunga mwenyewe: jibu likishatajwa, aliyeshindwa ajipige kipaji cha uso kwa kutoliona. Akitamani kumpiga mtegaji, kitendawili ni batili, na mji unarudi kwa mwenyewe. Tena hakuna mtegaji anayehukumu chake. Vya wenzako ulivihukumu wewe. Vyako ulinikabidhi mimi, Clementina, ukisema diploma ya Kiswahili haikusomewa ili ining'inie ukutani.

Tunakumbuka Mzee Balagizi alivyotega, "Iko kule juu, haipikake, haikulake, lakini ukikaranga samaki inapiga makelele kupita mwenye nyumba." Jibu likawa kengele ya moshi. Erick alilalamika kwamba ameibiwa. Ukamuuliza, kwa upole wa daktari, kengele ya nyumbani kwake ililia lini mara ya mwisho. Mkewe Nadine akajibu kwa niaba yake: jana, na samaki walikuwa makaa. Ukatangaza kuwa ni halali, na mwanao akamkabidhi Mzee Balagizi Buffalo.

Na chako kilichompokonya Mzee Khalfan Louisville kilikuwa hiki: mgeni wetu huja kimya amevaa nyeupe, akiondoka, hulia mpaka mlangoni. Ni theluji. Mzee Khalfan alijitetea kwamba Louisville theluji si nyingi kama kwetu, hivyo hakutendewa haki. Nikamkumbusha ile picha aliyotutumia mwenyewe, kashika koleo mlangoni kwake, kavaa makoti mawili. Halali.

Columbus uliniondolea mimi. Ulitega hivi: hunikaribisha kwa heshima, huniimbia nusu saa, kisha hunifungia mlango. Ni simu ya huduma kwa wateja. Wakati unatega nilikuwa nimeshika simu ya pili sikioni, nasubiri kampuni ya bima inijibu kuhusu gari langu. Nilijipiga kipaji mpaka Mama akasikia jikoni.

Ikabaki Buffalo. Ulikuwa na miji miwili ukiutamani wa tatu kama mtoto anavyotamani pembe ya keki, na Mzee Balagizi aliulinda kwa meno. Kila ulichomtegea alikijibu. Ulianza kutuambia, mezani, kwenye gari, hata hospitali ulipokwenda kupimwa presha, kwamba hutaki kufa kabla ya kutawala Buffalo.

Jumapili yako ya mwisho ulitega, "Hunguruma chumbani mwangu usiku kucha, akinyamaza, naamka."

Mzee Balagizi alifikiri sana, kisha akajibu kuwa ni mashine ya joto, maana ikizima wakati wa baridi hakuna anayebaki usingizini. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Hapana," ulisema. "Ni Mama Erick."

Simu nzima ililipuka kwa kicheko. Mama aliacha ugali motoni, akaja kuwatangazia watu wa miji mitatu kwamba leo utalala kwenye kochi. Mzee Balagizi, kwa ustaarabu wake, alitoa Buffalo hapo hapo bila kusubiri hukumu. Ukaenda Buffalo, ukapokewa na tarumbeta, ukaulizwa Balagizi hajambo. Mimi nilisema nitahukumu wiki ijayo, kwa kuwa siku ile hakuna aliyeweza kusikia neno. Wiki hiyo ilipofika, hukuwepo.

Kwa hiyo hukumu ilibaki mkononi mwangu mwaka mzima, na wote walijua ipo.

Wiki mbili zilizopita tulikutana hapa kupanga kumbukumbu hii. Mzee Khalfan alikuja na keki kubwa kutoka Louisville, ameishikilia mapajani njia nzima huku binti yako Catherine akiendesha. Juu yake iliandikwa kwa sukari: Mfalme wa Miji Mitatu. Alitaka maneno hayo hayo yawekwe chini ya picha yako, katika tangazo hili la kumbukumbu. Nikasema hayawezi kuwekwa kabla hukumu haijatolewa.

"Mwanangu," alisema Mzee Khalfan, "marehemu hahukumiwi na mtoto wake. Muache mwenzangu na miji yake."

Erick alikuwa upande wake. Wanawe wameshasimulia shuleni kwamba babu yao ni mfalme wa Buffalo. Hata Mzee Balagizi aliyepokonywa akaungana nao. "Bon, muache tu," alisema. "Buffalo iko yake. Mimi niko mupangaji."

Nikamuuliza swali lako, Baba, lile lile ulilotuuliza sisi sote. "Ulipolisikia jibu, ulitaka kujipiga kipaji au kumpiga mtegaji?"

Alimtazama Mama. Akatazama keki. "Hata ningejua, donc, ningesema namna gani? Bibi ya mwenzangu anakoroma, na mimi ndio wa kutangaza?"

Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mtu aliona. Mashine ya joto ilifaa kama ulivyofaa mkoromo, na jibu ulilolitaka wewe, mgeni mwenye adabu asingeweza kulitoa mdomoni hata angelijua. Ulimtega mtu mahali ambapo heshima yake ndiyo iliyomfunga. Angekuwa mwingine amefanya hivyo, ungemrudisha kwenye kiti chake kabla hajamaliza sentensi.

Nikasema ni batili. Mzee Khalfan alinitaka nikuombe radhi, pale pale, mbele ya picha yako. Erick akasema angalau niseme samahani, neno moja, ili chakula kishuke.

Tukamgeukia Mama. Kwa mwaka mzima alikuwa hajakitaja kitendawili hicho. Alichukua kisu.

"Mimi sikoromi," alisema. "Mpeni mtu mji wake."

Akakata keki kuzunguka neno Mitatu, akaliinua lote bila kulivunja, akaliweka kwenye sahani ya Mzee Balagizi. Mzee wa watu akala Buffalo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, huku akituambia kwamba wenyeji wamempokea vizuri na wamemuuliza Telesphory hajambo. Aliwajibu kwamba hajambo, ila amepungukiwa kidogo. Mzee Khalfan ndiye aliyecheka kwanza, na kwa sauti kubwa kuliko sote.

Baadaye, tukiosha vyombo, Mama alituambia kwamba siku hizi anayeamka ni yeye. Hana wa kumsikiliza akilala. Kisha akaomba mtu amtegee kitu kipya, kigumu, asije akaonewa huruma.

Wanakukumbuka mkeo Eliakunda; wanao Erick na mkewe Nadine, Clementina na Catherine; wajukuu zako, ambao sasa wanadai miji kwa Kiswahili safi; rafiki yako Khalfan wa Louisville; na Mzee Balagizi, mwenye Buffalo. Maadamu kuna mmoja wetu wa kuitika "Tega," hutasahaulika.

Watakuwapo watakaosoma hapa waseme tumemvua marehemu taji. Ndiyo, tumemvua, kwa sheria yake mwenyewe. Louisville ni yako, Baba, na Columbus ni yako, na hakuna atakayekugusa humo. Kuhusu Buffalo hatukuombi radhi, wala hatutakuomba.