Mukeke wa Mama Mukwe

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa mujini Baraka, kando ya ziwa, hakuna muntu mwenye bahati kama mimi. Na uzee huu wote, dokta hajawahi kuona mafuta mabaya katika damu yangu. Samaki wa ziwa wameyafagia yote. Muke wangu, koko yako, anakusalimia. Mbuzi amezaa mapacha, na mihogo ya shamba la Fizi imekomaa.

Unauliza kama mama yako anaweza kuacha vidonge vya mafuta ya damu, ale samaki tu kama mimi.

Siku nilipoenda Lweba kumuposa koko yako, mama yake aliniletea mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchemsha na nyanya. Mimi, kijana niliyekwisha kufika mpaka Bujumbura, nikaona wamenidharau.

"Mama, mawese iko wapi?"

Akacheka. "Mukwe, samaki iko na mafuta yake. Ya kwako utatia wapi?"

Nikamula mpaka kichwa.

Hayo mafuta ya samaki mwenyewe ndiyo yanasaidia. Dokta anasema yanashusha aina moja ya mafuta ya damu. Ukimuzamisha katika mawese, unamuharibia kazi. Basi mama yako achemshe, ale na mboga ya lengalenga na bugali kidogo, nyama yenye mafuta apunguze. Lakini vidonge asiache.

Akikataa kwa kunitaja mimi, mwambie nilijisifu bure. Damu yangu iko na mafuta mengi, na kila siku nameza kidonge kama yeye.