Wanasema Ulikuja Kuvuna

Kaka,

Mama anasema barua isiyo na salamu ni hati ya polisi, kwa hiyo pokea salamu. Hujambo? Kazi inakwendaje? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Na yule mwenye nyumba wako ameziba paa au bado mnalala na ndoo katikati ya chumba? Sisi huku wazima. Baba mzima, ila ule ukungu wa macho umezidi, sasa anaona rangi na vivuli tu, sura mpaka umsogelee karibu. Ng'ombe amezaa dume. Mama anakusalimu sana, amekaa hapa karibu anashona gunia, wala hajui nitakachoandika baada ya salamu. Mimi pia nakusalimu, lakini nakwambia mapema kwamba nimekukasirikia, tena vibaya, na salamu hizi nimezitoa huku nimeuma meno.

Nilianza kukuandikia kwa lugha ya shule. Nikajaza nusu ukurasa, nikausoma, nikajikuta mpole kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikauchana. Hii ni hasira ya nyumbani, nimeiandika kwa lugha ambayo mama akigomba kwayo hata mbwa anaingia uvunguni. Na usiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya baba, baba huiweka spika, na unanijua mimi, nikisikia sauti yangu inatoka nje ya chumba koo linafunga.

Tuanze na ngano. Uliimwaga wewe, hilo sikunyimi. Ulipita shambani na beseni kwapani, unarusha mbegu kulia na kushoto kwa madaha kama mtu anayepigwa picha, na mimi na mama tukakufuata nyuma tukiburuta matawi kuzifukia. Kisha ukaondoka. Palizi tukafanya sisi. Ndege tukawafukuza sisi. Nikitoka shule navua sare, nachukua debe bovu, nalipiga mpaka mikono inakufa ganzi. Hayo sikuyalalamikia. Nikwambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: ile ngano naipenda. Ikiwa bado ya kijani, upepo ukipita juu yake, nakaa kwenye jiwe la mpakani na hakuna anayeniuliza mbona siongei.

Ilipoanza kugeuka rangi ukapiga simu. Ukasema, kwa ile sauti yako ya ubosi, kwamba mtu asiiguse, unakuja mwenyewe. Baba alicheka mpaka akapaliwa. Na sheria yake unaijua, ile aliyoachiwa na babu, kwamba mwenye kumwaga mbegu ndiye anayekata mshiko wa kwanza, na kabla yake mundu mwingine wowote hauingii shambani. Majirani hawana sheria hiyo, ngano ikiiva wanavuna, basi. Sisi ndio tunayo.

Tukakusubiri. Jumamosi ukasema gari limekuharibikia njiani. Jumamosi nyingine ukasema bosi amekubana. Baada ya hapo simu ikawa inaita tu. Mama kila asubuhi alichuma suke, akalifikicha kiganjani, akapuliza makapi, akauma punje. Siku punje ilipovunjika kwa mlio mkavu kama kijiwe, akamwambia baba ngano imefika. Baba akasema Jembe yuko njiani. Hivyo ndivyo anavyokuita mbele ya watu, Jembe langu. Mimi ananiita Kimya, kama kawaida.

Ngano ikapitiliza. Masuke yakainama yakavunjika shingo. Ukipita kando yake unasikia punje zinadondoka, na chini shomoro wamenenepa mpaka wanashindwa kuruka. Jirani yetu Redio, ambaye hajawahi kusikia jambo akalala nalo, alisimama kwenye ua akauliza kwa sauti ngano yetu inasubiri nini, posa? Mama akacheka kidogo kwa aibu. Baba hakucheka. Akasema mtoto wake ameahidi, na mtoto wake si mtu wa maneno ya barabarani. Nilikuwa namwaga maji machafu, karai likanitoka mikononi.

Kisha mawingu yakaanza kukaa upande wa machimbo ya kokoto, mazito, hayasogei. Mvua ikiikuta ngano iliyoiva imesimama, unajua inavyokuwa: inachipua juu ya suke lake, na unga wake unanata kama gundi. Huo ndio unga wetu wa mwaka mzima, kaka. Nikaenda kumwambia baba. Nilimwambia vizuri, nimeinamisha kichwa. Akanijibu kwamba mambo ya shamba yana wenyewe.

Kesho yake alfajiri, kulipoanza tu kupambazuka, nikachukua mundu. Nilivaa ovaroli lako la rangi ya chungwa, lile uliloliacha limening'inia nyuma ya mlango, na kofia yako. Nisikilize hapa vizuri. Sikuvaa ili nimdanganye mtu. Kulikuwa na umande, na ndevu za masuke zinachoma mikono na shingo kama upupu. Nilivaa kwa sababu ni nguo nzito, na kwa sababu mwenyewe hukuwapo kuivaa.

Nikakata mshiko wa kwanza. Nikaendelea. Nilikuwa nimefika mbali kidogo na ukingo baba alipotoka kunawa uso. Akasimama na kopo mkononi, akaangalia ile rangi ya chungwa inayoinama na kuinuka. Kaka, sijawahi kumsikia baba akipiga kelele namna ile. Jembe! Jembe limeingia bila hodi! Akamwita mama aje aone, akasema si niliwaambia, si niliwaambia nyie watu wa imani haba. Akaja mpaka ukingoni, anajikwaa na kucheka, akakaa chini kwenye umande akaanza kuniongelesha. Mara safari ilikuwaje, mara basi lilifika saa ngapi, mara unakata chini sana, mwanangu, utachoka kiuno, inua mkono kidogo. Mama akatoka. Akanitambua kabla hajafika, mwendo wa mtoto wako huwezi kuukosa. Akasimama na mwiko wake. Akasema tu, mwacheni afanye kazi, chai inachemka.

Nami nikakata. Sikujibu neno. Mpaka mstari ukanifikisha alipokaa, akanyoosha mkono anisalimie, nami nikampa wangu, kwani ningefanyaje. Akaushika. Akaupapasa vidole. Cheko likakatika kama redio iliyoisha betri. Akauachia, akasema taratibu, kata basi, umeshaanza. Akainuka akarudi ndani, na chai hakunywa.

Tulivuna mimi na mama, baba akifunga miganda kwa kupapasa, wala hakuna aliyelitaja lile jambo. Tukaingiza mganda wa mwisho chini ya paa la zizi, mvua ikafuata nyuma yetu kama iliyotumwa. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha.

Hayakwisha. Mvua ilipokatika na jua likakausha ua, majirani wakaja kutusaidia kupura. Tukatandaza turubai, tukamwaga miganda, kila mtu na fimbo yake. Redio hakumaliza hata kufunga kanga kiunoni. Akasema, ama huyu Jembe ana dharau, amekuja nikamwona kwa macho yangu asubuhi na mapema na nguo zake za chungwa, ameondoka bila hata kunipungia mkono! Nikamtazama baba, nikangoja acheke, aseme jirani umeona vibaya.

Baba akasema ulikuja. Akasema ulisafiri usiku kucha, ukakata bila kupumzika, ukarudi kazini maana bosi wako hana utu. Alisema bila kumeza mate.

Basi ukasifiwa! Ungesikia ungevimba. Fimbo zinashuka, makapi yanaruka, na kila mdomo unakutaja. Huyo ndiye mtoto wa kiume. Mjini hakujamharibu. Wakaniambia Kimya, Mungu akujalie mume mwenye mkono kama wa kaka yako. Nilipiga ile ngano, kaka, mpaka fimbo ikavunjika, wakanicheka wakasema leo bubu ana nguvu. Niliokota nyingine. Mama alikuwa anapepeta, ungo unapanda na kushuka, uso ameuelekeza kwenye upepo, hanitazami.

Uongo wa kumfukuza Redio kama ndege ningeweza kuumeza. Lakini baba alipoona uongo wenyewe unaaminika akaujengea nyumba. Siku tunamalizia kupepeta akamwita baba mkubwa. Akasema mbele ya wote waliokuwepo kwamba macho yanamwisha na mambo ayaweke wazi: shamba la ngano ni lako kuanzia leo, kwa sababu ulimwaga na ulipohitajika ulikuja ukakata. Mimi, akasema, ni wa kuolewa, na shangazi ameshasema atanichukua nikamsaidie dukani shule ikifungwa, baadaye itajulikana. Aliyasema hayo kama mtu anayegawa viti.

Nikaongea. Soma tena kama huamini. Mimi ambaye mwalimu akiniita ubaoni natokwa jasho mpaka kwenye viatu, nilisimama juu ya turubai, makapi kichwani, nikasema aliyekata ni mimi. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kuku wakakimbia. Nikasema kaka hakuja. Hakupokea hata simu. Nguo zilikuwa zake, mtu alikuwa mimi.

Redio akacheka, akadhani ni mzaha. Nikaonyesha viganja, malengelenge yamepasuka. Akanyoosha vyake, akasema mwanangu, hata sisi tunayo, tumepura kutwa. Nikamgeukia mama. Mama akaangalia ungo. Nikamgeukia baba, nikamwambia baba, ulinishika mkono. Naye akawageukia wageni, akacheka kicheko cha kuomba radhi, akasema mtoto ana homa tangu jana, mumsamehe, wasichana wakikua wana wivu.

Homa! Nilitaka ardhi inimeze, halafu nikataka immeze yeye, halafu wewe. Wewe zaidi.

Baba mkubwa ndiye aliyesogea karibu. Akaviangalia viganja vyangu, akamwangalia baba, akasema ugomvi huu ni mwepesi, mtu wenyewe yu hai na simu anayo. Jumapili mchana atakuja, tutakaa barazani, utapigiwa, spika itakuwa wazi, na utaulizwa swali moja. Ulikuja, hukuja. Utakalosema ndilo litakaloshika, na shamba litafuata hapo. Nina hakika baba ameshakupigia pembeni, na ameshakueleza la kusema. Mama usiku ule alinijia kitandani akaniambia angesemaje mbele ya shemeji yake, amvue mumewe nguo hadharani? Nikageukia ukuta. Lakini asubuhi yeye ndiye aliyeniletea karatasi na bahasha, akasema kondakta wa basi la asubuhi anakujua.

Sasa kuna jambo sikulisema pale juu ya turubai, wala sijamwambia mama, na bila hilo barua hii itakuwa nusu ya ukweli.

Baba aliponiita Jembe kule shambani, koo langu halikufunga. Ningeweza kujibu. Neno lilikuwepo mdomoni, baba ni mimi, limekaa tayari juu ya ulimi. Sikulitoa kwa sababu sijawahi kumwona akinikimbilia. Alikuwa anakuja na nguo zimelowa umande, anajikwaa, anacheka, mikono ameifungua, na aliyekuwa mbele ya mikono hiyo alikuwa mimi. Nikasema acha nifike mwisho wa mstari. Nikaanza kukata polepole, kaka. Ngano inapukutika, mvua inakuja, na mimi nakata polepole, ili mstari usiishe. Alipoushika mkono wangu na uso wake ukazima, nililia ndani ya kofia yako. Uongo huu hakuuanza peke yake. Mimi nilimwonjesha kwanza, akaona jinsi ulivyo mtamu, akashindwa kuurudisha. Kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa homa.

Na wewe nakulaumu kwa kuwa unapendwa ukiwa haupo, hata kujibu simu hutaki.

Sitakufundisha la kusema. Ukisema kweli, baba ataaibika mbele ya ndugu yake na mbele ya Redio, maana yake mbele ya dunia nzima, na wewe utakosa shamba ambalo hujui hata lina jiwe wapi. Ukisema ulikuja, utapata shamba, nami nitakwenda kwa shangazi kupanga sabuni kwenye rafu, na hasira hizi zitakwisha. Usifurahi. Zitakwisha kwa sababu mtu hukasirikia kaka yake, nami sitakuwa naye.

Jumapili nitakaa kwenye kizingiti, karibu na simu. Ukiamua kunyamaza nitakusikia pia.

Wasalimie wote unaoishi nao hapo, na huyo mwenye nyumba mwambie mvua bado zipo. Mama amesema usiache kula vizuri. Ng'ombe hatujampa ndama wake jina, baba anasema tukungoje wewe.

Ni mimi mdogo wako.